Maziwa Yangu Yalivuka Waya

Mlangoni mwa atelye, karakana ya vyuma, palikuwa na waya. Waya nene, nyeusi, imelala chini kama nyoka aliyeshiba, inakata njia kutoka ukutani nje ilipokaa mashine ya kuchomea vyuma hadi ndani uani walikofanyia kazi wanaume. Mwanaume akija, anairuka. Mbwa akija, anairuka. Mwanamke akija, anasimama. Hiyo ndiyo sheria niliyoikuta, na hakuna aliyenionyesha imeandikwa wapi.

Nilisimama mbele ya waya ile adhuhuri baada ya adhuhuri, beseni la ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, mtoto mgongoni, jasho likinishuka mpaka kwenye visigino. Nimetoka mtaa wa Cibitoke kwa miguu mpaka karibu na bandari. Jua la Bujumbura saa ile si la kusimama. Lakini unasimama, unaita, "Hodi, nimeleta chakula!" na wewe unangoja kama mbuzi wa mnadani mpaka wanaume wawili walio karibu na mlango waache kazi, waje, mmoja ashike huku, mwingine kule, waiinue waya juu ya kichwa changu na juu ya beseni. Napita chini yake. Wanaiachia, pu! Nikitoka, hivyo hivyo.

Mwenye atelye alikuwa mzee Mwislamu. Babu zake walitoka Omani, yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko chetu sote. Alitengeneza milango, madirisha, matangi ya maji, na mara moja moja mashua za chuma zinazopeleka mizigo Kigoma na Kongo. Mkubwa wa kazi tulimwita kapita. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Kongo, kama sisi, mtoto wa mfua chuma, mjukuu wa mfua chuma. Mume wangu alikuwa sudere, ndivyo tulivyowaita wachomaji wa vyuma. Kazi alikuwa nayo tayari tulipokimbia vita vya Kongo. Mengine tuliyaacha: nyumba, kuku, kaburi la mtoto wetu wa kwanza. Kazi aliibeba mkononi, haikumlemea.

Tulifika nchi hii ikiwa na mfalme. Mfalme akaondoka, akaja rais. Bendera ilibadilishwa, picha ukutani kwa mzee ikabadilishwa. Waya ya mlangoni hakuna aliyeigusa.

Sheria ile aliileta kapita. Kwa wafua chuma wa kwetu mwanamke haruki nyundo, haruki mvukuto. Akiruka, chuma kinakasirika, kinapasuka mikononi mwa mwenyewe. Kapita aliitazama mashine ya umeme akaona ni mvukuto wa Kizungu, na waya ni mkono wake. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu wajukuu wangu hupenda nimfanye mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa marehemu baba yake.

Siku moja mbuzi jike wa jirani aliruka waya akaingia ndani kula maganda ya ndizi. Mimi niko nimesimama na beseni langu.

"Kapita," nikamwambia, "mbuzi ule ni jike."

"Naona."

"Ameruka."

"Mbuzi apiki ugali, shemeji. We ngoja, wanakuja kuinua."

Wote wakacheka. Nikacheka na mimi, shingo inauma.

Sasa nieleze jambo la macho, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Mwanga wa kuchomea chuma si mwanga wa kutazama. Ukiutazama bila kioo cheusi, mchana husikii neno. Jioni ndiyo unakuja kudai: macho yanajaa mchanga wa moto, machozi yanatiririka, huwezi kufungua, huwezi kufunga. Vioo vya kweli vilikuwa haba siku zile. Kimoja kikipasuka, wanachukua kipande cha kioo cha dirisha, wanakishika juu ya kibatari mpaka kinashika masizi, wanakifunga kwenye mbao. Hicho ndicho kioo. Masizi yakifutika kidogo, jioni unalia.

Na dawa tuliyoijua ilikuwa moja: maziwa ya mama anayenyonyesha. Matone machache kila jicho, unalala chali, mchanga unatulia. Hata waliotumia dawa za dispensari walirudi kwenye hayo.

Atelye nzima mwenye kunyonyesha nilikuwa mimi. Kwa hiyo jioni waliniita. Sudere huyu leo, yule kesho kutwa. Kapita mwenyewe ndiye aliyetangulia, anakuja mlangoni akipapasa ukuta, macho mekundu kama pilipili, sauti imekuwa ya mtoto: "Shemeji, nakuomba. Nisaidie." Mimi nageuka nyuma, najifunika kikwembe, nakamua kwenye kijiko. Mtoto mgongoni anasikia harufu, analia, kwa haki yake. Kijiko kinapokelewa juu ya waya kwa mkono, taratibu kisimwagike. Mimi nabaki upande wangu.

Nilichoka. Si uchovu wa kusema nitalala utaisha. Uchovu wa kunyonyesha mtoto mmoja na wanaume sita wenye ndevu.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mwanga kuliko wote. Maziwa yalimsaidia, halafu yakaacha kumsaidia. Akaanza kumwaga chai pembeni ya kikombe. Akaanza kunisalimia mimi baada ya kusikia miguu yangu. Siku moja nikamkuta uani amekaa na kioo chake, bageti imeshikwa sawa (ile fimbo ya chuma inayoyeyuka kuunga vyuma), lakini anachoma pembeni, mbali na mstari kwa upana wa kidole. Wenzake wameona, wamenyamaza. Wanaume wananyamaza vizuri sana jambo likiwa la kuumiza.

Nikaweka beseni chini, nikakaa nyuma yake, nikamwambia polepole, "Rudi kushoto. Kidogo. Apo. Shuka sasa."

Akarudi kushoto. Akashuka.

Tangu siku ile nikawa macho yake. Nafika na chakula, wanainua waya, napita, nakaa naye mpaka kazi inaisha. Mwanzo nilisema kwa mdomo. Baadaye mdomo ulichelewa, nikaweka mkono juu ya mkono wake. Kisha mkono wangu ukawa chini, wake juu, yeye ananiambia kwa sikio, maana kazi hii ina sauti: ikienda vizuri inakaanga kama samaki kwenye mafuta, ikienda vibaya inatema. "Unatema," ananiambia, "umeenda mbali. Sogea." Shavu kwa shavu nyuma ya kioo kimoja. Watu walitutania. "Angalieni bwana na bibi harusi!" Kapita alituacha. Kwake nilikuwa fimbo ya kipofu, na fimbo haina jinsia.

Basi mwezi mmoja kapita akamwambia mume wangu, kwa upole kabisa, kwamba mwisho wa mwezi apumzike. Nafasi yake angepewa mtu mwenye macho.

Tulikuwa na watoto watatu na chumba cha kupanga. Ng'ambo ya Ruzizi hatukuwa na pa kurudi. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa ukuta wetu. Ikitoka, paa lote chini. Nami nilikuwa naifanya kazi ile tayari kwa mkono wangu. Nikaona siwezi kulala na neno tumboni. Adhuhuri iliyofuata nikasimama mlangoni, nikasema niitieni mzee, niitieni na kapita.

Mzee akatoka na tasbihi yake. "Mama, kuna nini?"

"Nafasi ya mume wangu nipeni mimi."

Wanaume wakaacha nyundo. Mmoja akapiga mluzi.

Mzee akavuta ndevu. "Mimi, mama, sina neno. Mwenye kazi ni kapita. Anasemaje?"

Kapita akatazama chini. "Shemeji, mi nakueshimu. Lakini sudere anaingia na kutoka siku muzima. Anaenda kwa mashini, anarudi. We utafanya aje na waya? Watu wakae wanainua tu? Mukono wa kazi aurukwi na mwanamuke. Chuma itapasuka."

"Ni waya tu ndiyo inanikataza?"

"Ni waya."

"Kapita, juzi macho yako yalikuwa na nini?"

Akapeleka mkono usoni.

"Ulikunywa nini na macho yale? Maji ya bomba? Maziwa yangu yanavuka waya, yanaingia mpaka ndani ya kichwa chako, chuma aipasuki. Mi mwenye maziwa ndiyo nitapasua?"

Mmoja akacheka, na wengine wakafuata, na kapita uso ukamjaa damu. Nikajua hapo hapo nimemkosa. Ukimfanya mtu achekwe mbele ya watu wake, hata kama una haki, mlango unafungwa. Akasema, "Apana," akarudi kazini. Wanaume wawili wakaja kuinua waya. Nikapita chini yake. Nilikuwa bado nimeleta chakula, na mume wangu alikuwa bado ana njaa.

Siku zile walikuwa wanatengeneza tangi kubwa la maji la mashua moja ya mizigo, na lilikuwa kazi ya kapita mwenyewe, hakumwachia mtu. Lilipokwisha walilijaza maji kulijaribu. Mwenye mashua amekuja, mzee amevaa kanzu safi. Mimi nilikuwa ndani tayari, nimekaa na mume wangu kwenye dirisha la nondo tulilokuwa tukiliunga.

Tangi likavuja. Si sana. Mstari mwembamba wa maji, kama machozi ya mtu anayejizuia. Lakini tangi ni tangi.

Kapita hakuangalia tangi. Aliniangalia mimi. "Nilisema," akasema. "Niliwaambia wote. Mwanamuke amekaa sana karibu na moto, angalieni sasa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenye mashua alikunja uso. Mzee alianza kunitazama kwa macho ya mtu anayetafuta namna nzuri ya kukufukuza. Nikaanza kumfunga mtoto mgongoni. Nikasema moyoni, basi, nimechoka, nitauza ndagala sokoni kama wengine, na mume wangu atakaa mlangoni kuhesabu sauti za watu.

Mume wangu akasema, "Munipeleke kwa tangi."

Nikamshika mkono. Akaweka kidole gumba kwenye muungo, akaanza kuufuata kutoka juu. Muungo wa kapita ulikuwa mzuri, Mungu asinihukumu, ulikuwa umekaa kama siafu waliopanga mstari. Kidole kikashuka, kikashuka, kikafika penye maji. Hapo kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena.

"Kapita," akasema, "apa nani alikuvuta mukono?"

"Nani anaweza kunivuta mukono?"

"Lete kidole chako. Unasikia? Inakuja sawa, sawa, sawa, alafu inaruka pembeni, inaacha tundu, alafu inarudi. Hii si chuma imekasirika. Hii ni mukono imevutwa."

Kapita akaweka kidole. Nikamwona anasikia. Mchomaji hujua mkono wake kama mtu anavyojua kikohozi chake.

Mmoja wa wale wawili wa mlangoni, mtu mnene aliyependa chakula changu kuliko mume wangu alivyokipenda, akajikuna kichwa. "Kapita... ile saa ulikuwa unachoma uku, ndiyo ile saa ugali ilifika. Tuliinua waya. Ulitukana chini ya kioo. Mi nilisikia."

Waya ile ilikuwa moja. Ukiinua mlangoni ipite juu ya kichwa cha mwanamke na juu ya beseni, unaivuta yote, na mwisho wake uko mkononi mwa mtu aliyejifunika uso, haoni kinachomvuta. Miaka yote ile walikuwa wakikilinda chuma dhidi yangu, na kumbe kukilinda kwenyewe ndiko kulikokiharibu. Sijui ni madirisha mangapi ya mji huu yana mruko mdogo pembeni, wa saa ya ugali.

Mwenye mashua ndiye aliyeanza kucheka. Mzee akacheka mpaka tasbihi ikaanguka. Mimi sikucheka. Nilikwisha jifunza.

Kapita alikaa kwenye ngazi, mikono magotini. Akasema taratibu, "Mi siwezi kumwacha mwanamuke aruke. Mutanisamee. Baba yangu ataniuliza."

"Basi asiruke," mzee akasema. "Waya ipite juu. Simika nguzo."

Na kapita mwenyewe, hakumtuma mtu, akachimba mashimo mawili, moja kila upande wa mlango, akasimika nguzo za bomba, akazichomea kulabu, waya ikapanda juu, ikavuka mlango mbali na vichwa vyetu. Alipomaliza akafuta mikono. Nikamwendea.

"Ulisema ni waya. Waya iko juu. Sasa sema ingine."

Akatafuta. Niliona anatafuta kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Akatazama juu, akamtazama mume wangu.

"Utaanza na madirisha," akasema. "Mashua apana. Na nyundo yangu usiguse."

"Nyundo yako nitaifanyia nini?"

Juzi walikuja watu na gari jipya mtaani Mutakura, wakapanga viti mbele ya atelye ya mjukuu wangu wa kike. Ndiyo, ana atelye yake, ana wasichana na wavulana anaowafundisha, na milango yake ukiigonga inalia kama kengele. Najivuna na sitaomba radhi. Walikuja kutufundisha kwamba mwanamke naye anaweza kuchoma vyuma. Mjukuu akanitazama. Mimi niliomba tu kiti chenye mgongo. Baadaye mmoja wao, binti mwenye adabu, akaniuliza: "Bibi, ni kitu gani kilibadilisha mawazo ya wanaume wale?"

Nikamwambia, "Nguzo mbili."

Mawazo ya kapita hayakubadilika, alikufa nayo. Mpaka mwisho nikipita karibu na nyundo yake aliisogeza na mguu, na mimi nilizunguka. Lakini chini ya waya ile walipita wanawake wengine baada yangu: mjane wa mvuvi, kisha dada wawili Warundi ambao kwao mwanamke hapandi hata juu ya paa. Walipita wamesimama wima. Hawakujua kulikuwa na kitu cha kuinuliwa.

Siku yangu ya kwanza nilichoma dirisha moja tangu asubuhi, peke yangu, mkono bila mkono mwingine juu yake. Mume wangu alikaa nyuma yangu kwenye kigoda, anasikiliza. "Unatema," anasema. "Sasa unakaanga. Endelea." Kioo changu kilikuwa kile cha masizi, na shingo haijazoea kukiinua na kukishusha. Mara kadhaa niliwasha kabla ya kujifunika. Sikuona kitu kibaya. Chakula tulikibeba wenyewe asubuhi, tukakila baridi.

Jua lilipoanza kuzama nyuma ya milima ya Kongo, mchanga ukaja.

Nilijua maumivu yale kwa kuyatazama tu kwenye nyuso za watu. Kuyaona si kuyabeba. Nilifika Cibitoke nimeshikwa mkono na kipofu wangu, yeye anajua njia kwa miguu, mimi macho nimeyafunga, tunagongana na majirani, majirani wanacheka, "Leo nani anapeleka mwenzake?" Nikalala chali mkekani. Nikakamua kijikoni kwa kupapasa. Mtoto kando yangu akasikia harufu, akaanza kulia.

Mume wangu akachukua kijiko. Akautafuta uso wangu kwa vidole: kidevu, pua, kope. Tone la kwanza likaingia sikioni. La pili shavuni.

"We mwanaume," nikamwambia, "unamwaga chakula cha mutoto."

"Tulia. Usitikisike. Utanivuta mukono."

La tatu likaingia jichoni, la uvuguvugu, na mchanga ukaanza kutulia. Nikampa mtoto ziwa huku nimelala hivyo hivyo, macho yamefumba. Alinyonya kilichobaki. Nje majirani walikuwa wanatwanga, na mimi nilikuwa na kazi.